Muulize Shangazi wa Mpira: Jezi ya mtumba ya timu bingwa ambayo haipo

Wiki hizi meseji za usajili wa Simba na Yanga zimejaa mpaka simu inachemka, na zote nimeziweka pembeni, mnisamehe. Toleo lililopita nilichapisha swali la mama mmoja wa Buffalo kule Marekani nikamjibu kwa mistari mitatu maana nafasi iliisha, nikaahidi nitarudi, kumbe nimechokoza nyuki. Mmeandika kutoka Mbeya, Kisumu, Minneapolis, na kuna mmoja wa Dar ananigombeza kabisa. Basi leo safu yote ni hiyo hiyo, timu za wanawake za ligi za chini ambazo unazisikia leo, kesho kutwa hazipo. Narudia kwanza barua ya mama kwa ambao hamkuisoma.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Buffalo jimbo la New York, tulikuja huku kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Binti yangu wa tatu ana miaka 14, anacheza mpira shuleni, beki, na kwa mpira hasikii la mtu. Juzi tumeenda duka la mitumba akaokota jezi imeandikwa Buffalo Flash, dola nne, akaing'ang'ania. Kocha wake akamwambia hiyo ilikuwa timu ya wanawake ya hapa hapa na ilichukua ubingwa. Mimi miaka yote niko hapa sijaisikia, nimeuliza majirani hakuna anayejua. Sasa timu bingwa inapoteaje hivi hivi kama mbuzi aliyekata kamba? (Mama wa Beki, Buffalo)

JIBU: Marahaba mama, na huyo beki mpe salamu zangu, mi mwenyewe nilikuwa namba mbili enzi tunacheza peku na kidole gumba changu cha kulia mpaka leo hakijanyooka.

Kocha hajamdanganya. Buffalo Flash ilikuwepo na iliingia uwanjani misimu miwili tu, 2009 na 2010. Ilicheza ligi inaitwa W-League, ya Marekani na Kanada, iliyoanza 1995. Haikuwa ligi kuu. Ligi kuu ya wanawake wakati huo ilikuwa WPS, ambayo nayo ilianza 2009 hiyo hiyo, na W-League ikawa chini yake, imejaa wanafunzi wa vyuo walio likizo, wachezaji wa timu za taifa wanaotafuta mechi za kujiweka fiti, na dada wengine wana kazi zao mchana jioni ndo wanavaa viatu. Msimu wenyewe mfupi, Mei mpaka Julai basi, maana Agosti vyuo vinawadai watoto wao. Kwa hiyo mama usishangae majirani kutoijua, misimu miwili ya miezi mitatu mitatu ukiijumlisha ni nusu mwaka wa mpira kwa maisha yote ya timu, na hapo Buffalo mnavyokula theluji hiyo miezi mitatu watu wengi wako ziwani wanaota jua.

Waliokuwa na timu ni familia ya Sahlen, wale wa soseji. Bila shaka umeziona dukani, kampuni ya tangu 1869 (kama nyumbani kwenu hamli nguruwe soma lebo kwanza). Baba ndo mwenye hela, Joe Sahlen. Binti yake Alex alikuwa beki, na mume wa Alex, Aaran Lines, mtu wa New Zealand aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya kwao, ndo kocha. Yaani baba analipa, binti anakaba, mkwe anapanga kikosi. Ukisikia watu wanasema timu ya familia, hii ndo timu ya familia yenyewe, na najua hapo mtu atacheka aseme eti binti alipangwa kwa sababu ya baba, lakini ngoja uone walichofanya.

2010, msimu wao wa pili, hawakupoteza mechi hata moja. Fainali wakaipiga Vancouver Whitecaps 3-1 wakabeba kombe la W-League. Na timu iliyobeba kombe kwa kawaida tunategemea mwaka unaofuata irudi kutetea si ndio? Haikurudi. Kabla mwaka 2010 haujaisha mzee Sahlen alishalipia nafasi ya kuingia WPS, jina likabadilishwa likawa Western New York Flash ili na watu wa Rochester wajione wamo, na mechi kubwa zikahamia Rochester, kilomita kama 120 kutoka kwenu. Jezi ya binti yako ikawa imeshapitwa na wakati hapo hapo, jina Buffalo likafutika kifuani. Nadhani hiyo ndo iliyofika kwenye mtumba, mtu alisafisha kabati.

Sasa ukifika hapo utasema basi haikufa, ilikua. Ndio na hapana, na hapa naomba univumilie kidogo maana hii stori inanikaa rohoni. 2011 wakamleta Marta, yule Mbrazil aliyekuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa dunia mara tano mfululizo, na Christine Sinclair wa Kanada, na Alex Morgan akiwa ndo kwanza katoka chuo wakamchukua wa kwanza kabisa kwenye drafti, ile siku timu zinachagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuo. Fainali ya Agosti 2011 ilichezwa hapo Rochester mbele ya watu 10,461, Sinclair kafunga, wapinzani wao Philadelphia wakachomoa zimebaki dakika mbili hivi, wakaenda penalti, kipa Ashlyn Harris akaokoa ya mwisho, ubingwa. Mwaka wa kwanza ligi kuu, ubingwa! Januari 2012 ligi yenyewe ikatangaza msimu umesimamishwa, timu zimebaki tano, kuna kesi na mtu aliyekuwa mmiliki wa timu moja, mkoba mtupu, na ilipofika Mei ikafungwa jumla. Sahlen na wanawe wakashuka wakacheza ligi ya mpito iliyoitwa WPSL Elite, ligi iliyoishi msimu mmoja tu duniani, wakabeba na hiyo pia. Hesabu mwenyewe: 2010 kombe la ligi ya chini, 2011 kombe la ligi kuu, 2012 kombe la ligi ya dharura. Miaka mitatu, ligi tatu tofauti, makombe matatu, na kila wakibeba kombe ardhi inahama chini ya miguu yao.

2013 ikaja NWSL, ligi kuu hii iliyopo mpaka leo, Flash wakawemo. Abby Wambach, mtoto wa Rochester kabisa, aliyefungia Marekani mabao 184, akaja kuchezea nyumbani. Mwaka huo huo wakaongoza ligi halafu fainali wakalala 2-0 kwa Portland. Halafu miaka miwili ya kusuasua, halafu 2016 fainali mjini Houston dhidi ya Washington Spirit, wako nyuma 2-1, dakika za nyongeza zimeisha kabisa watu wanatafuta funguo za magari, Lynn Williams anapiga kichwa inakuwa 2-2, penalti, kipa Sabrina D'Angelo anaokoa tatu. Bingwa wa Marekani tena. Hiyo ni Oktoba. Januari 2017 timu ikauzwa, ikapelekwa North Carolina ikaitwa North Carolina Courage, na kule imechukua ubingwa 2018 na 2019 kwa wachezaji ambao wengi ni wale wale wa Flash. Mabingwa waliondoka na kombe lao mama, kama mpangaji anavyohama usiku na pazia.

Kwa hiyo hiyo ndo jezi ya dola nne.

SWALI: Shangazi mimi niko Mbeya ni mfuatiliaji wa mpira sana. Kitu kimoja sielewi kwenye jibu lako la juzi, umesema "walilipia nafasi" ligi kuu. Kwani bingwa wa ligi ya chini kule hapandi daraja? Kama amebeba kombe bila kufungwa anatakiwa apande tu hata kama hana hela, mbona kwetu ndo ilivyo. (Kijana wa Sokoine, Mbeya)

JIBU: Hapandi mwanangu. Hapo ndo kiini cha mambo yote na wengi hamkijui kwa sababu mmezoea huku. Marekani hakuna kupanda wala kushuka daraja kati ya ligi hizi. Uwe bingwa wa W-League mara kumi, unabaki hapo hapo, na uwe wa mwisho ligi kuu miaka mitatu hakuna anayekushusha. Kuingia ligi kuu unanunua, kama unavyonunua fremu ya duka Kariakoo, tena wenye fremu za pembeni ndo wanaokubali au kukukataa. Na bei sasa hivi msifikiri ni ya fremu. Bay FC ya California ilipoingia NWSL ada ilikuwa dola milioni 53, hiyo ni 2023, na Januari 2025 Denver wakapewa nafasi kwa milioni 110. Dola jamani, wala msianze kuzibadilisha kuwa shilingi mtaumwa kichwa.

Fikiria maana yake kwa timu ndogo. Huku kwetu timu ya mchangani ina ndoto, leo uko ligi ya mkoa, ukishinda unakwenda mabingwa wa mikoa, ukishinda tena daraja la kwanza, na kocha akiwaambia wachezaji "tukomae tupande" wanakomaa hata posho ikiwa ya chai na chapati. Mlandizi Queens walitoka Mlandizi pale Pwani, mji ambao watu wanaujua kwa kusimamisha basi, wakawa mabingwa wa kwanza kabisa wa ligi kuu ya wanawake Tanzania 2016/17. Leo ukimuuliza shabiki wa mtaani atakutajia Simba Queens na JKT Queens tu, lakini Mlandizi walifika pale kwa miguu yao. Ile ngazi ipo, hata kama imekatika vijiti viwili vitatu.

Kule ngazi hakuna. Timu ya ligi ya chini ikishinda kila kitu, kinachofuata ni tajiri akae na mahesabu yake ajiulize, naendelea kutoa hela kwa timu ambayo haiwezi kwenda popote? Wengi wanajibu hapana, kimya kimya, wala hakuna mazishi, ratiba ya mwaka mpya inatoka jina halimo. Watu wanadhani hizi timu zinakufa kwa kufungwa fungwa, mi naona zinakufa kwa sababu hata kushinda hakuzipeleki mahali. Flash walikuwa na bahati ya kuwa na mwenye timu anayeweza kununua fremu. Wenzao kibao waliobeba au kukaribia kubeba kombe lile hawakuwa naye.

Halafu usijidanganye kwamba sisi tuko salama. Ihefu ya kwenu huko Mbarali leo ni Singida Black Stars, iko Singida, ilihamaje unajua mwenyewe. Ngazi tunayo lakini na dirisha la kununulia tumelifungua, sasa huko mbele tutaona watoto wanapitia wapi.

SWALI: Hujambo Shangazi. Nimemaliza kidato cha nne hapa Kisumu na nimepata skolashipu ya mpira kwa chuo kimoja Amerika, naenda Agosti Mungu akipenda. Kuna mtu kaniambia likizo ya kiangazi kuna klabu za ligi ndogo ndogo zinachukua wasichana wa vyuo na zinalipa vizuri, na nyingine inaweza nipa kandarasi kabisa. Nisaini? (Nambari Tisa, Kisumu)

JIBU: Sijambo mwanangu, hongera sana, mama yako bado hajalala kwa furaha naona. Swali lako ni la muhimu kuliko yote ya leo kwa hiyo soma polepole.

Klabu zipo. W-League ile ya zamani ilifungwa 2015 ikafufuliwa na shirika lile lile la USL mwaka 2022 kwa timu 44, kuna WPSL ya tangu 1998, kuna UWS iliyoanza kucheza 2016. Hizo ndo ligi za kiangazi na wasichana wa vyuo ndo wanaozijaza. Nakushauri uende, mechi kumi na kitu za ushindani likizo ni bora kuliko kukaa bwenini unakula chipsi. Kwa kawaida mchezaji anatafutiwa familia ya kukaa nayo, anapata vifaa, nauli ya mechi za ugenini, basi. Kuhusu "zinalipa vizuri" huyo aliyekwambia muulize yeye alilipwa na nani.

Klabu nyingi za ligi hizi hazilipi mshahara na sababu si uchoyo tu. Kwa sheria za michezo ya vyuo, ukisaini mkataba wa kulipwa kucheza klabuni unaweza kupoteza haki ya kuchezea chuo, na ukipoteza hiyo skolashipu inaondoka nayo, na skolashipu ikiondoka viza nayo inaanza kutetemeka. Tangu 2021 wanafunzi wameruhusiwa kupata hela kupitia jina na picha zao, matangazo na kadhalika, utasikia wenzako wa Kimarekani wanajisifia. Wewe uko na viza ya mwanafunzi, viza hiyo ina masharti makali ya kufanya kazi nje ya chuo, kwa hiyo kinachomfaa mwenzako kinaweza kukurudisha Kisumu. Kila chuo kina ofisi inayoshughulikia masharti ya wanamichezo na nyingine ya wanafunzi wa kigeni. Kabla hujaweka wino mahali popote, hata kama ni fomu ya ukurasa mmoja, pitia ofisi zote mbili, tena uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Kocha wa klabu akikuharakisha usaini leo leo, mwambie unasali kwanza.

Na usione ligi ya chini kama pa kupotelea. Sandra Nabweteme wa Uganda alisoma na kuchezea Southwestern Oklahoma State, chuo ambacho wala hakiko kwenye ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, akafunga akafunga, 2018 akasaini Þór/KA ya Iceland (usiniulize inatamkwaje, mi naisema kama inavyokuja). Alimaliza mpira wa chuo kwanza ndo akasaini. Hicho ndo nakuombea.

Ila uichunguze klabu. Uliza imecheza misimu mingapi, uliza nani analipia uwanja, uliza mwaka jana walimaliza ratiba yote au mechi za mwisho hawakwenda. Klabu ikikosa nauli inaanza kuruka mechi za mbali, hiyo ndo dalili ya kwanza, hata huku tunaijua.

SWALI: Shangazi na heshima zako zote, habari za timu ya muuza soseji wa Marekani iliyokufa zamani zinatuhusu nini sisi wa Temeke? Andika habari za Yanga Princess. (Msomaji wa siku nyingi, Dar)

JIBU: Yanga Princess nitaandika wiki ijayo na utanigombeza tena. Ila jibu hili, ukiondoa timu ambazo zina mgongo wa Simba, Yanga au jeshi, ni timu gani ya wanawake unayoweza kuapa itakuwepo miaka mitano ijayo? Ukiipata niandikie.

SWALI: Habari za kazi Shangazi. Niko Minneapolis, ni mzaliwa wa Mombasa. Huku tuna timu ya wanawake inaitwa Minnesota Aurora, ni ya wananchi, mi mwenyewe niliweka kihela changu kidogo nikapata hisa. Mke wangu anasema nimetupa hela, nawe naona kama unamuunga mkono. Je na hii itakufa? (Mwenye Timu, Minneapolis)

JIBU: Nzuri mwenye timu! Mke wako simjui na simpingi mtu ndani ya nyumba yake. Kama uliweka hela ukitegemea faida basi ana hoja, kama uliweka kama mtu anavyochangia harusi basi ulishakula pilau yako.

Kwa wasomaji wengine nieleze kidogo, maana hii ndo timu ninayoifuatilia kuliko zote za ligi zile. Aurora ilianzishwa 2021 na watu wa kawaida waliochoka kusubiri tajiri. Wakauza hisa kwa umma wakapata kama dola milioni moja kutoka kwa watu 3,080. Timu ya wananchi, na simaanishi Yanga. 2022 wakaingia W League mpya, msimu wao wa kwanza kabisa wakafika fainali bila kufungwa, wakaichezea kwao Eagan mbele ya watu zaidi ya elfu sita, wakafungwa 2-1 dakika za nyongeza na South Georgia Tormenta. Watu zaidi ya elfu sita kwa mechi ya ligi ya chini ya wanawake! Kuna mechi za ligi kuu ya wanaume hapa kwetu nimekaa jukwaani naweza kuwasalimia mashabiki wote mmoja mmoja.

Halafu na wao wakagonga ule ukuta niliomwambia kijana wa Mbeya. Wakaomba kuingia NWSL. Wana mashabiki, wana jina, wana uwanja, wakahitaji wawekezaji wakubwa, hawakupatikana wa kutosha, wakajitoa 2023. Weka milioni moja ya watu 3,080 pembeni ya ile milioni 53 ya Bay FC uone. Ingebidi wawepo wananchi wengine kama wewe laki moja na elfu sitini hivi, hapo ni kulipia mlango tu, hujanunua mipira.

Kwa hiyo itakufa? Mi nadhani ina uhai kuliko ile ya soseji, na ninasema hivyo huku nampenda sana mzee Sahlen kwa alichofanya. Flash ilikuwa na mwamuzi mmoja. Alipotaka kupanda ilipanda, alipoamua kuuza ikauzwa, mashabiki wa Rochester walisoma habarini kama wewe na mimi. Aurora ili ihame lazima watu wengi sana kwanza wagombane kwenye kikao, na kikao cha wenye hisa zaidi ya elfu tatu mwenyewe unajua kitaisha lini. Ugomvi huo mi naona ni ulinzi. Shida yake ni nyingine, shauku. Miaka miwili ya kwanza kila mtu anavaa skafu, mwaka wa sita mvua ikinyesha ndo tutajua. Wewe nenda uwanjani hata wakifungwa, na mpeleke shemeji, mnunulie na skafu.

SWALI: Shangazi ni mimi tena Mama wa Beki. Nashukuru kwa majibu, nimemsomea binti yote amelia kidogo ile ya kuuzwa. Sasa anauliza, yeye acheze wapi? Shule msimu ni mfupi, na zile klabu za vijana za hapa nimeuliza bei nikakaa chini. (Mama wa Beki, Buffalo)

JIBU: Pole mama, hata mi nilikaa chini mara ya kwanza kuzisikia. Mpira wa vijana Marekani mzazi analipa, ada ya mwaka, jezi, safari, hoteli, ndo maana unaona klabu zimejaa watoto wa watu wenye magari mawili. Hilo usilichukulie kama aibu yako.

Fanya hivi. Ligi ya shule asiiache hata siku moja, hapo New York wasichana wanacheza kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Novemba hivi, na kocha wa shule ndo mtu wa kumshika mkono kwa sababu anajuana na makocha wa klabu. Mwombe yeye aulize, usiulize wewe, kama klabu fulani ina nafasi za kusamehewa ada. Nyingi zinazo na hazitangazi, na beki anayejua kukaba wanamtafuta. Jina la Flash lenyewe lilibaki kwenye timu za vijana huko kwenu baada ya ile kubwa kuuzwa 2017, kwa hiyo kocha wake akisema anamjua mtu wa Flash usimcheke, anaweza kuwa anasema kweli. Pia uliza kanisani au msikitini na kwenye vyama vya jamii zenu, Wakongo, Warundi na Wasomali mko wengi hapo Buffalo na mahali mlipo wengi hamkosi timu ya Jumapili, hata kama ni ya wanaume mwambie kaka mmoja anayeheshimika awapangie wasichana saa moja ya uwanja kabla yao. Binti akikaba vijana wakubwa mwaka mzima, kwenye majaribio ya klabu hatahitaji kujieleza.

Akifika chuo, zile ligi za Mei mpaka Julai zitakuwa zinamngoja, kwa jina lolote zitakalokuwa nalo wakati huo.

Na hiyo jezi aifue kwa maji baridi aigeuze ndani nje, maandishi ya jezi za zamani yanabanduka, na za Buffalo Flash hazitengenezwi tena.